Ritifaa Iliyopotea Njiani: Uhamishaji wa Barua Pepe za Zamani na Hatima ya Maandishi ya Kiswahili, Bujumbura Ikiwa Mfano

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia kihistoria yale yanayoipata lugha wakati barua pepe za zamani zinapohamishwa kutoka mfumo mmoja wa kompyuta kwenda mwingine. Hoja kuu ni kwamba hasara ya uhamishaji haiziangukii lugha zote kwa namna moja. Katika kikasha cha ofisi ya Bujumbura, ambamo Kifaransa, Kirundi na Kiswahili hukaa pamoja, Kifaransa huharibika kwa wingi na kwa kuonekana. Kiswahili huharibika mahali pamoja tu, penye ritifaa ya ng', tena kimyakimya. Makala yanaeleza kwa nini uharibifu huo mdogo unapaswa kumshughulisha mwanaisimu, mwanahistoria na mshauri wa sera, hasa sasa ambapo Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Lugha tatu katika kikasha kimoja

Bujumbura ni mji uliozaliwa na maandishi ya lugha zaidi ya moja. Wajerumani walipoweka kituo chao cha kijeshi Usumbura mwishoni mwa karne ya 19, walikuja na Kiswahili cha utawala wao wa pwani. Wakakikuta Kiswahili kingine, kile cha wafanyabiashara wa Ziwa Tanganyika, kimekwisha kutangulia. Wabelgiji waliotwaa nchi mwaka 1916 walileta Kifaransa. Kirundi kilikuwapo siku zote. Hata leo mtu anayetoka Buyenzi kwenda ofisini katikati ya mji huvuka lugha tatu kabla ya saa mbili asubuhi, na hakuna anayeona ajabu.

Nyaraka za mji huu nazo zimezoea safari. Sehemu kubwa ya kumbukumbu za utawala wa Kibelgiji juu ya Ruanda-Urundi ilipelekwa Brussels, na hadi leo mtafiti wa historia ya Burundi hulazimika kupanga nauli ya Ulaya ili asome habari za tarafa aliyozaliwa. Jambo hilo limeandikwa sana na sitalirudia. Lililoandikwa kwa uchache ni safari ya pili, isiyohitaji meli wala ndege: ile ya barua za kielektroniki zilizoandikwa tangu miaka ya 1990, ambazo zimehamishwa kutoka kompyuta hadi kompyuta kila kifaa kilipochakaa au mkataba wa huduma ulipokwisha.

Miaka ile ilikuwa mizito kwa Burundi. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993 na vita vikafuata. Kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999 nchi ilikuwa chini ya vikwazo vya kiuchumi vya majirani zake. Mazungumzo ya amani yaliyoanza Arusha mwaka 1998, kwanza chini ya Mwalimu Julius Nyerere na baada ya kifo chake chini ya Nelson Mandela, yalizaa mkataba uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000. Huo ndio wakati ambao barua pepe ilianza kushika nafasi ya faksi na teleksi katika ofisi za kanda hii. Mwanahistoria wa kesho wa kipindi hicho atasoma karatasi, lakini karatasi pekee hazitamtosha. Atahitaji vikasha vya barua pepe vya mashirika, vyuo, makanisa, misikiti na ofisi za misaada. Na atavisoma jinsi vilivyofika, si jinsi vilivyoandikwa.

Sauti moja, safari nyingi

Kabla ya kufika kwenye kompyuta inafaa kurudi nyuma kidogo, kwa sababu sauti ya ng' ina historia ndefu ya kupotea katika kuhama.

Barua za Kiswahili za karne ya 19 ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu. Hati hiyo haikuwa na herufi mahususi kwa sauti kadhaa za Kibantu, na waandishi wengi walitumia herufi ghaini kwa gh, kwa g, kwa ng na kwa ng' pia. Msomaji alijua kwa muktadha kama mbele yake pana gari, ghali, ngoma au ng'ombe. Carl Büttner alipochapisha Berlin mwaka 1892 mkusanyo wake wa barua na hati za Kiswahili katika hati ya Kiarabu, pamoja na unukuzi wa Kilatini, alilazimika kuamua kila mahali ghaini ile inasoma nini. Uamuzi huo ulikuwa uhamishaji wa jukwaa kwa maana kamili: maandishi yaleyale, chombo kipya, na mtu katikati anayechagua. Tofauti yake na uhamishaji wa leo ni kwamba Büttner aliziweka hati zote mbili katika kitabu kimoja. Msomaji asiyeridhika na unukuzi aliweza kurudi kwenye asili.

Usanifishaji ulimaliza utata huo kwa maandishi mapya. Kamati ya Lugha iliyoundwa na serikali za Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja ilianza kazi tarehe 1 Januari 1930, na tahajia iliyosimamiwa nayo ikaipa ng' alama yake: herufi mbili na ritifaa. Kamati yenyewe ilikuwa msafiri. Ilianzia Dar es Salaam, ikahamia Nairobi mwaka 1942, Makerere mwaka 1952, Mombasa mwaka 1962, kisha Dar es Salaam tena mwaka 1963, na mwaka uliofuata ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo tangu 2009 ni TATAKI. Mahamisho manne kwa masanduku ya karatasi! Karatasi huweza kupotea njiani, kulowa au kuliwa na mchwa. Lakini karatasi iliyofika ilifika na ritifaa zake. Hakuna lori lililowahi kung'oa alama moja kutoka katikati ya neno na kuliacha neno lililobaki likionekana zima.

Hilo ndilo jipya lililoletwa na kompyuta.

Namba, herufi na maiti asiyekufa

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi namba, na jedwali fulani husema namba ipi ni herufi ipi. Jedwali la ASCII, lililotungwa Marekani katika miaka ya 1960, lina nafasi 128 tu. Ndani yake zimo herufi zote za Kilatini zisizo na alama za juu, pamoja na ritifaa iliyonyooka. Kwa bahati ambayo hakuna mtu wa Afrika Mashariki aliyeiomba, herufi zote za Kiswahili Sanifu zimo humo. Kirundi cha kawaida, kisichotiwa alama za toni, nacho kimo. Kifaransa hakimo: é, è, ê, à na ç hazina nafasi.

Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizotolewa mwaka 1982 zilidai herufi za biti saba, yaani ASCII peke yake. Majedwali mapana zaidi, yenye nafasi 256, yalikuwapo, ila kila mtengenezaji alikuwa na lake. Herufi é ilikuwa namba 130 katika kompyuta za DOS, namba 142 katika Macintosh, na namba 233 katika Windows na katika jedwali la kimataifa la Ulaya Magharibi. Barua iliyoandikwa katika Macintosh na kufunguliwa katika Windows bila kutafsiriwa ilionyesha Ž kila palipokuwa na é. Ubaya huo una heri yake, kwa kuwa Ž ni ngeni kabisa katika Kifaransa na kila msomaji anajua kuna kasoro.

Hatari zaidi ilikuwa seva iliyoifuta biti ya nane ili kutii kanuni. Namba 233 ikiondolewa biti hiyo hubaki 105, na 105 ni herufi i. Hapo é hugeuka i, herufi halali isiyomshtua mtu. Tuchukue maneno mawili ya Kifaransa ambayo ofisi yoyote ya Bujumbura iliyaandika mara nyingi katika miaka ile: décidé, yaani ameamua au imeamuliwa, na décédé, yaani amefariki. Yote mawili, baada ya safari hiyo, huwa dicidi. Katika sentensi kamili kitenzi kisaidizi kinaweza kumwokoa msomaji. Katika kichwa cha barua chenye jina la mtu, neno hilo na tarehe, hakuna cha kumwokoa. Na miaka tunayoizungumzia ni ile ambayo habari ya kifo ilikuwa habari ya kawaida.

Mwaka 1992 ilitolewa kanuni ya MIME, iliyoruhusu barua kutangaza jedwali inalotumia na kufunga herufi za ziada kwa alama zinazovuka salama: é ikasafiri kama =E9 na kufunguliwa ifikapo. Haikuenea kwa siku moja. Kwa miaka kadhaa waandishi wa Kifaransa waliojali kusomeka waliacha alama za juu kwa hiari yao, na wakabuni mtindo wa Kifaransa cha kompyuta ambao mtafiti wa leo asije akaudhani ni ujinga wa tahajia. Baadaye zikaja Unicode na usimbaji wake wa UTF-8, ambao é ndani yake ni baiti mbili. Zikisomwa kwa jedwali la zamani, baiti hizo huonekana kama Ã©, alama ambayo kila mtu aliyewahi kuhamisha kikasha cha Kifaransa anaijua.

Vyombo vyenyewe viliongeza tabu. Programu ya Eudora, iliyoandikwa na Steve Dorner katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1988 na kutumiwa kwingi katika miaka ya 1990, ilitenga viambatisho na barua zake, ikaviweka katika folda nyingine na kuacha ndani ya barua mstari unaotaja mahali vilipo. Folda ikihamishwa, au diski ikibadilishwa herufi, barua na kiambatisho havikutani tena. Outlook ya kabla ya 2003 iliweka kila kitu katika faili moja lisiloweza kuzidi gigabaiti mbili, na faili lililovuka kiwango hicho liliharibika. Majina ya folda nayo yana kisa chake: folda ya barua zilizotumwa, iitwayo kwa Kifaransa Éléments envoyés, husafiri kati ya seva ikiwa imeandikwa &AMk-l&AOk-ments envoy&AOk-s. Fundi asiyejua kwamba huo ni usimbaji halali aweza kuifuta akidhani ni takataka. Folda ya barua alizotuma mkurugenzi ndiyo inayobeba maamuzi ya ofisi. Nyingine hubeba maombi ya watu.

Katika dhoruba hiyo yote Kiswahili kilikaa kimya na kufika. Ukifungua kikasha kilichohama mara tatu, aya ya Kifaransa imejaa vidonda na aya ya Kiswahili inayoifuata ni nzima. Ni rahisi kuhitimisha kwamba lugha yetu haina tatizo, na nimewasikia mafundi wakisema hivyo kwa furaha. Furaha hiyo ni ya haraka.

Ng'ombe wa nani?

Ritifaa iliyonyooka imo katika ASCII. Lakini programu za kuchapia zilianza kuigeuza kwa hiari yao kuwa ritifaa iliyopinda, ile inayopendeza katika vitabu, na hiyo haimo. Katika Windows ni namba 146, katika Macintosh namba 213, na katika UTF-8 ni baiti tatu. Matokeo yake yanajulikana. Ng'ombe aliyezaliwa Macintosh na kuhamishiwa Windows huwa ngÕombe. Aliyezaliwa katika UTF-8 na kusomwa kwa jedwali la Windows huwa ngâ€™ombe. Aliyepita katika programu isiyoitambua namba 146 huwa ng?ombe. Na aliyepita katika seva ya biti saba hupata, mahali pa ritifaa, herufi ya udhibiti isiyoonekana, ambayo programu nyingi za kusafisha maandishi huitupa. Huyo hufika akiwa ngombe.

Makosa matatu ya kwanza yanaonekana na yanarekebishika kwa utaratibu wa kompyuta. La nne ndilo linalonishughulisha. Kirundi nacho hutumia ritifaa, katika viunganishi kama n' na w', na Kifaransa vilevile. Lakini huko ritifaa huonyesha irabu iliyodondoshwa, na ikipotea msomaji huirudisha bila shida. Katika Kiswahili ritifaa ni sehemu ya konsonanti yenyewe. Ng'oa ikipoteza ritifaa huwa ngoa, ambalo ni neno jingine kabisa, lenye maana ya hamu au wivu. Ng'ara ikipoteza ritifaa huwa ngara. Na Ngara ni wilaya ya Tanzania inayopakana na Burundi, iliyopokea mamia ya maelfu ya wakimbizi katika miaka ya 1990. Mtafiti anayetafuta habari za wakimbizi wa Ngara katika kikasha kilichohamishwa hivyo atapata pia kila kilichong'ara. Hilo ni usumbufu tu. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mitambo mingi ya utafutaji hulikata neno penye ritifaa, ikapata ng na ombe, na aliyeuliza ng'ombe hujibiwa kwamba hakuna.

Lakini hasara kubwa iko kwa wanaisimu. Katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, na katika maandishi ya kila siku ya wasemaji wengi wa Bujumbura, neno hilo mara nyingi huandikwa ngombe, bila ritifaa, kwa sababu za matamshi au za mazoea ya tahajia. Tofauti hiyo ni ushahidi. Ndiyo inayotuwezesha kueleza jinsi Kiswahili cha ziwani kinavyojiandika chenyewe kikiwa mbali na darasa la Kiswahili Sanifu. Barua pepe za kawaida, zilizoandikwa haraka na watu wasiofikiri kwamba watasomwa na profesa, zilipaswa kuwa hazina bora ya ushahidi huo kwa kipindi cha 1995 hadi 2010. Sasa mbele yetu pana barua yenye neno ngombe. Je, ni mkono wa mwandishi wa Buyenzi, au ni seva? Maandishi yaliyohamishwa hayana jibu. Jibu limo katika faili la asili, ikiwa lipo: namba isiyoonekana kati ya g na o hushuhudia kwamba palikuwa na ritifaa, na kukosekana kwake hushuhudia kwamba mwandishi hakuiweka. Mara nyingi faili hilo ndilo linalofutwa kwanza, kwa kuwa "limeshahamishwa".

Naona hapa kejeli ndogo ya historia. Hati ya Kiarabu ilificha tofauti kati ya ng na ng' kwa sababu haikuwa na herufi. Kompyuta imeificha kwa sababu ilikuwa na herufi nyingi mno za kitu kimoja.

Baina ya Bujumbura, Gitega na Arusha

Mambo haya yangeweza kuachiwa mafundi kama yasingegusa maamuzi yanayofanywa sasa. Burundi iliingia rasmi katika Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 2007. Tangu mwanzo wa 2019 Gitega ni mji mkuu wa kisiasa na Bujumbura imebaki kitovu cha uchumi, na ofisi inapohama mji hununua kompyuta mpya, hubadili mtoa huduma, na hubeba vikasha vyake au huviacha. Mwaka 2022 Wakuu wa Nchi wa Jumuiya walikubali Kiswahili na Kifaransa kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uamuzi huo una maana kwamba barua za Kiswahili zitakuwa hati za kiserikali zenye uzito wa kisheria, na kwamba zitakaa katika vikasha vilevile na Kifaransa chenye alama zake. Hali ambayo Bujumbura imeiishi kwa miaka 30 sasa inakuwa hali ya Jumuiya nzima.

Sera za lugha za kanda yetu huzungumzia elimu, tafsiri, istilahi na utangazaji. Hazizungumzii usimbaji wa herufi, na zabuni za kuhamisha nyaraka za ofisi huandikwa na watu wa kompyuta kwa vigezo vya ukubwa wa diski na kasi ya mtandao. Matokeo hupimwa kwa kuhesabu barua: zilitoka elfu kadhaa, zimefika elfu zilezile, kazi imekwisha. Kipimo hicho hakiwezi kuona dicidi wala ngombe. Barua zote zimefika.

Napendekeza kwa washauri wa sera kwamba masharti ya uhamishaji yataje lugha kwa jina. Faili la asili lihifadhiwe kama lilivyo, baiti kwa baiti, hata baada ya uhamishaji kukubaliwa; diski ya kulitunza ni nafuu kuliko siku moja ya mkalimani. Jedwali la herufi lililotumika liandikwe katika kumbukumbu za uhamishaji, pamoja na tarehe na programu, kwa kuwa kichwa cha barua si shahidi wa kuaminika: kuna programu zilizogeuza maandishi na kuacha kichwa kikitangaza jedwali la zamani. Marekebisho yafanywe katika nakala tu. Wala hayo hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji mistari michache katika hati ya zabuni na mtu mmoja anayejua lugha katika kamati ya kupokea kazi.

Mtu huyo apewe orodha fupi ya maneno ya kutafuta kabla na baada ya uhamishaji, na alinganishe idadi. Kwa kikasha cha Bujumbura ningeanza na haya: ng'ombe, ng'ambo, ng'oa na kung'ara kwa Kiswahili, n'abantu kwa Kirundi, réunion, décidé na décédé kwa Kifaransa. Idadi ya décédé ikishuka na ya dicidi ikapanda kutoka sufuri, mkandarasi asilipwe mpaka arudie kazi. Idadi ya ng'ombe ikishuka na ya ngombe ikapanda kwa kiasi kilekile, vivyo hivyo. Na ngombe waliokuwamo tangu mwanzo waachwe kama walivyo, bila kusahihishwa.